Maonyo ya Diski Iliyonakiliwa

Mtu anapoitoa katika kompyuta yake diski ya gigabaiti 500 iliyojaa, akainakili sekta kwa sekta juu ya diski mpya ya terabaiti 1, akaifunga mahali pake, akabonyeza kitufe, na mashine ikawaka kana kwamba haikupata kuguswa, ana haki ya kudhani kwamba kazi imekwisha. Faili zake zote zipo, programu zake zafunguka, picha za harusi na hesabu za duka ziko pale pale alipoziacha. Kisha siku moja anafungua programu ya kugawa diski, aghalabu kwa sababu zile gigabaiti 500 za ziada alizozilipia hazionekani popote, naye anapokewa na onyo: kwamba jedwali la patisheni halilingani na ukubwa wa diski, kwamba nakala ya akiba ya jedwali hilo haiko mwisho wa diski inapotakiwa kuwa, na kwamba hitilafu hii yaweza kurekebishwa au kupuuzwa, achague mwenyewe. Hofu inayomwingia si ya kijinga, maana onyo hilo limeandikwa kwa lafudhi ile ile ambayo programu hizi hutumia kumwarifu mtu kwamba diski yake imeharibika.

Muradi wa makala haya ni kuyapambanua maonyo ya namna hiyo, kwa kuwa yana asili mbalimbali, na ukubwa wa kelele zake haulingani hata kidogo na ukubwa wa hatari: lile linalowatisha watu wengi zaidi ni tokeo la kawaida la nakala iliyofanywa kwa uaminifu, ilhali mambo mawili matatu yanayoweza kweli kumpotezea mtu mali yake hupita kwa mnong'ono, au pasi na neno lolote. Nalo limekuwa jambo la watu wengi tangu diski za SSD ziliposhuka bei, kwani kompyuta za mtumba hutufikia aghalabu zikiwa na diski ndogo au nzito, na fundi wa Kariakoo au wa Barabara ya Luthuli kule Nairobi humshauri mteja abadili diski kwanza kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine.

Lau karani wa ardhi angenakili hati ya kiwanja kimoja, akamkabidhi mwenye kiwanja kilicho kikubwa mara mbili yake bila kubadili hata nukta, hati hiyo ingekuwa sahihi kwa maandishi na potofu kwa ardhi. Ndivyo ilivyo diski iliyonakiliwa kwa amri kama dd, ile amri kongwe ya Unix, ambayo haijui faili wala patisheni, bali huchukua baiti ya kwanza mpaka ya mwisho na kuziweka upande wa pili kwa mpangilio ule ule. Ziko programu nyingine, Clonezilla mojawapo, zinazoufahamu mfumo wa faili, zinazonakili sekta zenye kitu tu, na ambazo zikiombwa hujenga jedwali jipya kwa kadiri ya diski mpya. Aliyetumia njia hiyo huenda asilione kamwe onyo tunalolizungumza. Lakini nakala ya sekta kwa sekta hubeba kila kitu, zikiwamo zile baiti chache ambazo diski ya zamani ilijieleza nafsi yake kwazo: ukubwa wake, utambulisho wake, na kipimo cha sekta zake. Baiti hizo chache ndizo chimbuko la maonyo yote.

Mpango wa zamani wa kugawa diski, uitwao MBR, uliingia pamoja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, zama za IBM PC XT na diski yake ya megabaiti 10. Jedwali lake limo ndani ya sekta ya kwanza yenye baiti 512, nalo limepewa baiti 64 tu, yaani maingizo manne ya baiti 16 kila moja, na kila ingizo hutaja patisheni inapoanzia na urefu wake. Hakuna mahali popote panapotaja ukubwa wa diski yenyewe, wala hakuna nakala ya pili ya jedwali. Kwa hiyo diski ya MBR ikinakiliwa juu ya diski kubwa zaidi hakuna anayelalamika: nafasi iliyozidi huonekana mwishoni kama uwanja mtupu, na kazi ya mtu ni kuutumia. Kimya hicho kiliwapendeza mafundi wengi wa zamani, na bado wapo wanaousifu mpango huo kwa ajili yake, wala mimi sikubaliani nao. Namba zinazotumika humo ni za biti 32, na kwa sekta za baiti 512 haziwezi kufika mbali kuliko baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2.2 hivi; anayenakili diski ya namna hiyo juu ya diski ya terabaiti 4 atajikuta na karibu nusu ya diski asiyoweza kuigusa, na jedwali lake halina hata pa kuliandika jambo hilo.

GPT, mpango uliotokana na kazi ya Intel ya kutengeneza EFI na ambao leo umo katika kompyuta karibu zote mpya, ulikusudiwa kuziba mapengo hayo. Baada ya sekta ya kwanza, inayobaki na MBR ya ulinzi ili programu za kale zisidhani kwamba diski ni tupu, sekta ya pili hubeba kichwa cha jedwali, na sekta 32 zinazofuata hubeba maingizo 128 ya patisheni, kila moja baiti 128. Kisha jedwali hilo hilo huandikwa mara ya pili mwisho kabisa wa diski: maingizo kwanza, na kichwa cha akiba katika sekta ya mwisho kabisa. Kila kichwa hutaja mahali kilipo chenyewe, mahali alipo mwenzake, sekta ya kwanza na ya mwisho ambazo patisheni zaruhusiwa kukaa, na hesabu ya uhakiki ambayo hubadilika hata ikibadilika biti moja. Ni mpango wenye hadhari, na hadhari yake ndiyo inayozaa kelele, kwa maana sasa diski imejiandikia ukubwa wake katika mahali zaidi ya pamoja.

Tuitazame kwa karibu. Diski ya kawaida ya gigabaiti 500 ina sekta 976,773,168. Zikihesabiwa kuanzia sifuri, ya mwisho ni sekta namba 976,773,167, na hapo ndipo kichwa cha akiba kilipokaa. Diski ya terabaiti 1 ina sekta 1,953,525,168, na ya mwisho ni namba 1,953,525,167. Baada ya kunakili, kichwa cha kwanza bado kinasema kwamba mwenzake yuko 976,773,167, na kweli yuko hapo, mzima, ila hapo pamekuwa katikati ya diski. Kiini cha Linux, kinapoisoma diski hiyo wakati wa kuwaka, huandika katika kumbukumbu zake namba hizo mbili zikiwa na alama ya kutolingana kati yake, 976773167 != 1953525167, na kushauri kwamba GNU Parted itumike kusahihisha. Programu ya fdisk huleta namba hizo hizo kwa sababu tofauti kidogo, kwani inalinganisha ukubwa ulioandikwa ndani ya MBR ya ulinzi. Parted yenyewe husema kwamba si nafasi yote ya diski inayotumika, ziko sekta 976,752,000 za ziada, na huuliza kama irekebishe au ipuuze. Msomaji akitoa namba ndogo katika kubwa atapata hiyo hiyo 976,752,000, wala hahitaji ithibati nyingine kwamba onyo limetokana na tofauti ya ukubwa wa diski mbili na hakuna baiti iliyoharibika. Kama tofauti aliyoiona haielezeki kwa ukubwa wa diski alizozishika mkononi, hapo na asite. Nitalirudia jambo hilo.

Kupuuza kunaruhusiwa, na diski itafanya kazi miaka mingi. Gharama yake ni ya namna mbili. Kwanza, kichwa cha kwanza bado kinashikilia kwamba sekta ya mwisho inayoruhusiwa ni 976,773,134, na kwa hiyo patisheni haiwezi kuvuka hapo. Nafasi mpya ipo na haipo. Pili, ikiwa sekta za mwanzo zitaharibika, mahali kilipo kichwa cha akiba pamesahaulika pamoja nazo, na programu ya uokoaji inayokitafuta mwisho wa diski, kama kanuni inavyosema, haitakuta kitu. Au itakuta kitu kibaya zaidi ya hapo: iwapo diski hiyo kubwa ilikuwa na GPT yake ya zamani kabla ya kunakiliwa, kichwa cha akiba cha jedwali lile la kale huenda bado kimekaa mwisho wa diski, kizima, chenye hesabu sahihi ya uhakiki, kikieleza patisheni ambazo hazipo tena. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hufuta alama za jedwali la kale, mwanzo na mwisho wa diski, kabla ya kuanza kunakili.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ndogo mno kuliko hofu inayoitangulia. Parted ikijibiwa kwamba irekebishe, au amri sgdisk -e ikitolewa, jedwali la akiba huandikwa upya katika sekta 33 za mwisho wa diski mpya, vichwa vyote viwili hupewa mipaka mipya, na hesabu za uhakiki hupigwa upya. Patisheni hazisogezwi, na hakuna faili inayoguswa. Wengi hushangaa kuona kwamba hata baada ya hapo diski ya C au mzizi wa Linux ungali na ukubwa wake wa jana. Sababu ni kwamba jedwali limeruhusu nafasi, bali halikuigawa. Patisheni yenyewe ni sharti ipanuliwe, kisha mfumo wa faili ulio ndani yake upanuliwe, kwa resize2fs ikiwa ni ext4, au kwa zana za Windows zenyewe ikiwa ni NTFS. Na hapo mtumiaji wa Windows hukutana na kizuizi kingine: katika mashine nyingi patisheni ya uokoaji imekaa mara tu baada ya C, na kwa kuwa programu ya Windows ya kusimamia diski huipanua patisheni kuelekea nafasi tupu iliyopakana nayo kwa kulia tu, neno la kupanua huwa limefifia, halibonyezeki. Inabidi ile patisheni ya uokoaji isogezwe kwa programu nyingine hadi mwisho wa diski. Hilo si kosa la kunakili, lakini watu huligundua siku hiyo na kuliunganisha na onyo.

Sasa nilirudie lile nililoliahidi. Onyo la kichwa cha akiba kutokuwa mwisho, likirekebishwa mara moja na lisionekane tena, limekwisha. Likirudi baada ya kurekebishwa, au likizuka katika diski ambayo haikupata kunakiliwa, linashuhudia kwamba sekta ya mwisho ya diski hiyo haiko pale programu inapodhani ipo, na sababu zake zastahili kupelelezwa moja moja. Yako makasha ya USB yanayoficha sekta chache za mwisho kwa matumizi yake, hivyo kwamba diski ile ile inaonekana ndogo ndani ya kasha na kubwa kidogo nje yake. Ziko diski zilizounganishwa kwa RAID ambazo maelezo ya muungano yameandikwa mwisho wa kila diski, kama zifanyavyo baadhi ya aina za mdadm, programu ya RAID ya Linux. Aliyeichomoa diski moja kati ya hizo na kuitazama peke yake ataona GPT isiyofika mwisho, na akikubali irekebishwe ataandika jedwali juu ya maelezo yale na kuuvunja muungano. Jibu la haraka la kurekebisha ndilo lililo baya hapo, na programu haina njia ya kulijua hilo kwa niaba ya mtu.

Sababu ya tatu ni ghashi. Masokoni mwetu, kama masokoni kote duniani, huuzwa diski za nje na flash zinazotangaza ukubwa usio wao: kidhibiti chake kimefundishwa kusema terabaiti 2 hali ya kuwa chipu ya ndani ni ya gigabaiti 64. Kila kitakachoandikwa baada ya gigabaiti hizo za kweli ama hutupwa, ama huzunguka na kuandikwa juu ya vya mwanzo. Katika diski kama hiyo kuandika kichwa cha akiba mwisho ni kukiandika hewani, na onyo litarudi kila mara programu inapokisoma. Ni mtihani usiokusudiwa, na wala si mtihani kamili, kwani vidhibiti vingine vya hadaa huwa na werevu wa kuzihifadhi sekta za mwisho. Aliye na shaka na aijaze diski nzima kwa data inayojulikana, kisha aisome upya yote, kazi ambayo programu ya F3 imetungiwa. Afanye hivyo kabla ya kunakili, maana diski ya namna hii huipokea nakala yote kwa utulivu, na mfumo huwaka, kwa kuwa sehemu ya mwanzo ni ya kweli.

Maonyo ya utambulisho ni ya nasaba nyingine kabisa, na ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Diski ya MBR ina sahihi ya baiti 4 iliyoandikwa kuanzia baiti ya 440. Diski ya GPT ina namba ya baiti 16, na kila patisheni ina yake, na kila mfumo wa faili ndani ya patisheni una yake tena. Namba hizo hutengenezwa zikiwa ndefu ili zisigongane kwa bahati, na kunakili sekta kwa sekta ni njia ya uhakika ya kuzigonganisha. Windows ikiziona diski mbili zenye sahihi moja, huiweka moja katika hali ya kutotumika na kutaja sababu katika dirisha ambalo watumiaji wengi hawalifungui kamwe. Mtu akilazimisha diski hiyo itumike, Windows huipa sahihi mpya kimyakimya. Siku anapotaka mashine iwake kutoka diski hiyo, kumbukumbu za kuwashia bado zinaitafuta sahihi ya kale, na kioo huonyesha hitilafu 0xc000000e. Aliyeshuhudia hayo atalaumu kunakili, ingawa nakala ilikuwa kamili mpaka dakika aliyoziunganisha diski zote mbili.

Upande wa Linux mambo huenda kwa kimya zaidi. Faili ya /etc/fstab aghalabu huitaja patisheni kwa namba yake ya utambulisho, UUID, na patisheni mbili zikiwa na UUID moja, mfumo utaipandisha yoyote itakayotangulia kuonekana. Mwenye kompyuta ameacha diski ya zamani ikining'inia kwenye waya wa USB ili ahakikishe kwamba hakuna faili iliyosahaulika; anawasha mashine, anafanya kazi mchana kutwa, anahifadhi, anazima, anaichomoa ile ya zamani na kuiweka kabatini, na kesho yake kazi ya jana haionekani, kwa maana iliandikwa katika diski iliyo kabatini. Mfumo wa XFS una insafu ya kukataa kabisa kupandisha patisheni ya pili yenye UUID iliyokwisha kutumika. Watunzaji wa Btrfs wamekuwa wakitoa hadhari kwamba nakala za namna hii, zikionekana pamoja, zaweza kuharibu data, kwa kuwa mfumo huo huitumia UUID kuzitambua diski zilizo za kundi moja. Kinga yake ni nyepesi: mashine izimwe mara kunakili kunapokwisha, diski ya zamani itolewe kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, na irudishwe tu baada ya utambulisho wa mojawapo kubadilishwa, mathalan kwa tune2fs katika ext4, na fstab kusahihishwa ipasavyo.

Yabaki maonyo ya mpangilio. Yale ya zamani ya fdisk, kwamba patisheni haiishii kwenye mpaka wa silinda, yanahusu jiometri ambayo diski za leo hazina, na mtu anaweza kuyapita bila kugeuka nyuma. Lile la kwamba patisheni haikuanzia kwenye mpaka wa sekta halisi lina uzito kidogo: zama za Windows XP patisheni ya kwanza ilianza sekta ya 63, na Windows Vista ikaisogeza hadi sekta ya 2048; diski nyingi za tangu 2011 zina sekta halisi za baiti 4096 ingawa hujitambulisha kwa sekta za 512, na kwa kuwa 63 haigawanyiki kwa 8, kila maandishi ya baiti 4096 huangukia sekta halisi mbili. Hasara ni ya kasi, na usalama wa data haumo.

Bali kipo kisa kimoja cha sekta ambacho hakina onyo kabisa. Baadhi ya makasha ya USB ya diski kubwa huitangaza diski kwa sekta za baiti 4096, hila iliyowafaa watumiaji wa XP waliotaka kuvuka ule mpaka wa terabaiti 2.2 kwa jedwali la MBR. Aliyenakili diski yake ya sekta 512 ndani ya kasha kama hilo, au juu ya diski ambayo kwa asili yake haijui sekta nyingine isipokuwa za 4096, amepeleka kila baiti mahali pake sahihi, ila namba zote za jedwali sasa zinahesabiwa kwa kipimo kilichokua mara nane. Sekta ya pili, ambamo kichwa cha GPT hutafutwa, imehama kutoka baiti ya 512 hadi baiti ya 4096, na hapo hakuna kichwa. Windows huenda ikauliza kama iiandae diski hiyo kana kwamba ni mpya, na anayekubali ataandika jedwali tupu juu ya jedwali lake. Atakayekataa, akaitoa diski katika kasha na kuifunga moja kwa moja kwenye waya wa SATA unaoitambulisha kwa sekta za 512, ataziona patisheni zote zimekaa salama. Na kama diski ni ya sekta 4096 kwa asili, basi aandae jedwali jipya na kunakili faili badala ya sekta, maadamu ile diski ndogo bado anayo.